Harufu ya Mawese

Habari ya kifo cha Vumilia ilinikuta jikoni, mwiko mkononi, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la kumshukuru Mungu. Mwanawe, aliyenipigia kutoka huko nchi za baridi walikohamia, nadhani alifikiri huyu mama akili zimeanza kumtoka. Nikamwuliza mama yake amekufa na nini. Akasema presha, Mama Mapendo, presha na sukari, alikula chakula cha mchana, akajilaza, hakuamka. Nikashukuru mara ya pili. Kisha nikaikata simu, nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka wali ukaungua. Asiyeujua mwaka ule ataniona sina haya. Lakini mwaka ule mimi na Vumilia hatukuthubutu kumwomba Mungu maisha marefu. Tuliomba tu kwamba siku ya kufa kwake ikifika afe na ugonjwa, kama watu wengine, si kwa mkono wa mtu. Presha na sukari ni maradhi ya watu walioishi, wakala, wakashiba, wakazeeka. Nilimlilia na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Sitaeleza tulikotoka wala nani alimzaa nani. Wengine wameyasimulia ya Kongo yetu kuliko niwezavyo, na mimi nikianza kuyasema hulala vibaya. Itoshe kusema kwamba Vumilia hakuwa ndugu yangu wa damu, ila alinizidi umri na nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Kule kwetu alisimama mbele ya watu akamtaja kwa jina mkubwa mmoja wa wenye bunduki, yule aliyewachukua wanaume wa mtaa wetu na hawakurudi. Wengine wote tuliangalia chini. Yule mkubwa aliapa kwamba mwanamke huyo hataota mvi. Tukavuka mpaka, yeye kwa kuwa anatafutwa, mimi kwa kuwa niliishi naye nyumba moja na nilikuwa mwoga. Mimi ni mwoga tangu utotoni. Niliogopa mbwa, niliogopa radi, niliogopa hata kuku akinikazia macho. Kwa hiyo Mungu, kwa mzaha wake, akanipa mimi kazi ya kumficha Vumilia.

Tulipanga Bukoto, nyuma ya duka la Hajati Mariamu. Kampala chumba cha namna hiyo wanakiita muzigo: mlango mmoja, dirisha dogo, na pazia katikati ili ujidanganye kwamba una sebule. Upande wa mbele tuliweka mkeka na ndoo za maji. Nyuma ya pazia ndiko alikokaa Vumilia kutwa nzima, juu ya godoro, mgongo ukutani, uso mlangoni. Hakutoka mchana. Aliujua ua wetu kwa masikio: nani amefungua bomba, nani anagombana na mumewe, mlango upi unalia ukifunguliwa. Niliporudi jioni alinisimulia mambo ya majirani kana kwamba alikuwa amekaa nao barazani, nami nikamsimulia ya mjini. Ila kwanza lazima tupite kwenye maswali yake.

"Leo ulipita wapi?"

"Kule Naguru, kwa bapolisi."

"Ulionana na mutu wa kwetu?"

"Hapana, yaya."

"Hakuna mutu alikufuata nyuma?"

"Hakuna."

"Uliangalia?"

Niliangalia. Siku nzima nilikuwa naangalia nyuma mpaka shingo ikaniuma, na watu wa Kampala walidhani nina ugonjwa. Nilitembeza vitenge, na soko langu lilikuwa ni nyumba za polisi kilimani Naguru. Nilikwenda huko kwa sababu ya lugha. Kiganda nilikuwa sikijui, na katika mji ule, wakati ule, Kiswahili kilikuwa cha wenye magwanda. Raia wakikisikia walifunga milango. Walikuwa wamekwishaamriwa kwa Kiswahili kulala chini na kutoa walichonacho. Mimi niliyewakimbia wenye bunduki nikajikuta nabisha hodi kwa wake zao, maana wao tu ndio waliofurahi kunisikia nikiongea. Wanachagua vitambaa vyangu, wananipa maji ya kunywa, na mimi natabasamu huku namwona bwana wa nyumba kupitia mlango wa pili akipiga viatu vyake rangi.

Nakumbuka siku moja mwanamke mmoja mnene, mteja wangu mzuri, alikuwa amejifunga kitenge changu kiunoni anajigeuza mbele ya kioo. "Mama Kongo, hii rangi ya bululu iko zuli," akasema, "lakini unaniletea bei ya bibi ya minista." Tukacheka. Mara mlango ukafunguka, mumewe akaingia na magwanda, akavua kofia, akanitazama. Hakuwa na ubaya wowote, sasa naliona hilo. Alikuwa mtu amechoka anataka chai. Akaniuliza tu, "Wewe unatoka wapi? Unakaa wapi? Unakaa na nani?" Ni maswali ambayo mtu humwuliza mgeni yeyote. Mimi nikasahau jina langu. Nikasema nakaa Ntinda, kisha nikasema Luzira, nikasema nakaa peke yangu, na watoto. Yule mama akaniangalia kwa huruma. Niliteremka kile kilima nikiwa nimekumbatia vitenge bila kuvikunja, na nilizunguka mitaa ambayo sikuwa na shughuli nayo ili kama kuna mtu nyuma yangu apotee.

Siku kama hizo ndizo zilizonifundisha kupika. Namaanisha kupika kwa ajili ya moyo wangu. Kupika kwa kushiba nilikuwa najua tangu zamani. Nikifika nilikuwa siwezi kuongea. Yaya alinijua, alisubiri na maswali yake. Natoa jiko la makaa nje barazani, hapa wanaliita sigiri, napepea na kipande cha boksi, na mikono bado inatetemeka hivi kwamba majivu yananirukia usoni. Nakaa kwenye kigoda. Nachukua kitunguu. Kitunguu hakiwezi kukatwa na mtu anayetetemeka, utajikata kidole, kwa hiyo mikono inalazimika kutulia kidogo. Namenya, nakata nusu, nakata nyembamba. Mafuta yakipata moto nayamwagia vile vitunguu, na ile sauti ya kwanza, ile chaa! ya kitunguu kinapogusana na mafuta, mpaka leo ndiyo inayoniambia kwamba siku imekwisha na bado niko hai. Kisha harufu inakuja. Kisha nyanya, ambazo nazigandamiza na mwiko taratibu mpaka ziachane na maganda yake. Kisha maharage niliyoyachemsha asubuhi. Natia chumvi, naonja kwenye kiganja, natia tena. Hapo ndipo nagundua kwamba nimeanza kuimba puani. Mabinti zangu leo wananiambia mama, nunua chakula, umechoka, kupika ni kazi. Nawaambia sawa. Siwezi kuwaeleza kwamba nikirudi nimechoka na nisipokaa kwenye moto, sijui kama nimefika nyumbani.

Ila kulikuwa na sharti, na sharti hilo lilikuwa la yaya mwenyewe: tusipike chakula cha kwetu. Baraza lilikuwa la wote, harufu haina mlango. Waganda wa ua wetu walipika matoke na mchuzi wa karanga, kwa hiyo nasi tuwe watu wa posho, ugali wao, na maharage, siku nyingine dodo, yaani mchicha, tufanane na wengine. Zaidi ya vyote, tusiguse sombe. Sombe ni majani ya muhogo, na kwetu ndiyo mboga ya mboga zote, inatwangwa kwenye kinu mpaka inakuwa laini, inachemshwa mpaka uchungu uishe, inaungwa kwa mawese. Mganda anaula muhogo wenyewe, majani anamwachia mbuzi. Kwa hiyo kinu kikilia Bukoto na mawese yakinuka, mtu yeyote wa kwetu akipita barabarani atajua, hata kama amefumba macho, kwamba hapo ndani kuna Mkongomani. Leo naona vijana wetu wanauza sombe sokoni kwenye mifuko, imesagwa kwa mashine, wanaita wateja kwa sauti kubwa. Nafurahi, lakini bado nikiipika nafunga dirisha.

Miezi ikaenda. Vumilia akaanza kukataa chakula. Mwanzoni alikula nusu, akasema atamalizia kesho. Baadaye akawa anakichezea na vidole, ananisifu nimepika vizuri, na sahani inarudi ilivyokwenda. Mifupa ya mabega ikatokeza. Nilianza kuogopa kitu kipya: kwamba yule mkubwa hatahitaji kutuma mtu, maana yaya atakufa hapa hapa kwenye godoro.

"Yaya, kula ata kidogo."

"Chakula haina kosa, Mapendo. Ni koo njo inakataa."

"Unataka nikupikie nini?"

Akageuza uso ukutani. Sote wawili tulijua anataka nini, na sote wawili tuliogopa kukitaja.

Sasa nimlete Hajati. Alikuwa mjane wa makamo, mwanamke wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakaoa na kukaa, na nyumbani mwake walikuwa bado wanasema Kiswahili cha kunyooka, japo kimechanganyika na Kiganda kama mchele na pojo. Aliuza viungo: iliki, mdalasini, binzari, nazi kavu, na kwenye rafu ya chini chupa za mawese zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Kongo. Mimi nilizipita chupa zile kila siku bila kuzitazama, kama mtu anayempita mchumba wake wa zamani. Hajati hakuwahi kutuuliza chochote. Tulimwona mwanamke asiyeogopa kitu, maana aliwahi kumfukuza askari wa jiji dukani kwa ufagio.

Jioni moja alinikuta barazani nakoroga. Akainama, akanusa. "Maharage," akasema. "Bambi, maskini binti wewe! Mfungwa wa Luzira anakula vizuri kukushinda." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kigoda, akakaa karibu, akashusha sauti. "Nikuulize, nnyabo. Unasonga posho ya watu wawili kila siku. Na kila siku namwona kuku wangu akishiba ya mtu mmoja, maana unamwaga. Huyo asiyekula ni mgonjwa au ana huzuni?"

Nikatazama mlango wetu, pazia halikutikisika. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Anaogopa."

"Anatamani nini?"

Nikamwambia. Nilipotaja majani ya muhogo alinikodolea macho, kisha akapiga goti lake kwa kiganja. Kumbe kwao wanayala! Wanayaita kisamvu, bibi yake alikuwa akiyapika, naye nyuma ya nyumba alikuwa na mihogo yake na kinu cha kurithi. Nikamweleza hofu yetu ya kinu. "Kinu changu mtaa mzima unakijua," akasema. "Kikilia, watu watasema Hajati ana hamu na kisamvu chake. Hakuna atakayeuliza." Kisha akaniwekea chupa ya mawese chini ya khanga, akaondoka anaita kuku.

Tulitwanga Alhamisi jioni, kwa kupokezana mchi. Nilikuwa sijatwanga tangu tuvuke mpaka na mikono ilipata malengelenge, lakini ile harufu mbichi ya majani yanapopondeka ilinipanda kichwani mpaka nikataka kupiga kigelegele. Kila mchi uliposhuka niliangalia geti. Hajati aliniimbia nyimbo za kwao za kutwangia, za kuitikiana, akanidhihaki kwamba natwanga kama mtu anayeomba radhi. Usiku ule tuliyachemsha. Ijumaa nilikwenda Naguru asubuhi, sikuuza kitu, nikarudi mapema, nikabandika sufuria yangu barazani na kuanza kuunga: mawese, vitunguu, na vile vya majani marefu tunavyoviita puaro, pilipili hoho, na vile visamaki vikavu ambavyo kwetu ni ndakala na hapa ni mukene. Sufuria ikaanza kusema taratibu. Nyuma ya pazia nikamsikia Vumilia anajikohoza, kisha akasema, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "Ongeza chumvi." Alikuwa ameijua kwa harufu. Jamani, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, na kwa kitambo kile sikuogopa mtu yeyote duniani.

Ndipo nikasikia sauti dukani. Kati ya duka na ua wetu kulikuwa na mlango wenye pazia, na maneno yalipita yote. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya upole, na ilikuwa ya kwetu.

"Mama, shikamoo. Miye niko muchungaji. Natafuta batu ba kwetu ba Kongo tusali pamoja. Banasema hapa kwako kuna mawese. Ni nani anachukuaka?"

"Nachukua mimi," Hajati akajibu. "Duka langu, tumbo langu."

"Wewe, mama? Muswahili wa hapa anakulaka mawese?"

"Anakula na kulamba vidole."

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Halafu ile sauti ikasema, na ilikuwa inacheka, "Na hii harufu? Hii ni sombe. Hii harufu siwezi kuisahau ata nikiwa mu kaburi."

"Ni kisamvu. Majani ya muhogo. Nimekipika mwenyewe."

"Basi nionje, mama. Tangu nifike hii Kampala sijaona sombe."

Hapo ndipo pabaya. Nyumba kama ya Hajati, mtu akisema amesikia harufu ya chakula chako na anaomba kuonja, huwezi kumnyima. Ni aibu, na zaidi ya aibu, ungemfanya ajiulize unaficha nini. Nikamsikia anamwambia, "Karibu kiti, mwanangu, hutoki kwangu na njaa." Na yule mtu akasema, "Ningependa pia kuona mupishi." Viatu vikasogea kwenye saruji, vikaja upande wetu. "Mpishi unamwona," Hajati akasema. "Huku nyuma ni upande wa wanawake. Kwetu sisi Waislamu mwanaume hapiti hapo." Viatu vikasimama. Kati yake na sufuria yangu kulikuwa na kitambaa chenye maua tu.

Hajati akaingia uani. Uso wake ulikuwa mkavu, haukuwa na habari yoyote. Alikwenda kwenye jiko lake, ambako alikuwa amekamua nazi kwa ajili ya mchuzi wa kula na wali wa Ijumaa, akachukua bakuli la tui zito, akaja nalo mpaka kwenye sufuria yangu. Nilielewa anataka kufanya nini na, Mungu anisamehe, nilimshika mkono. Kwetu hakuna mtu anayetia nazi kwenye sombe. Ni kama kutia sukari kwenye samaki. Mtu yuko nyuma ya pazia, huenda amekuja kumwua yaya wangu, na mimi nagombania sufuria! Hajati akautoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja, akamimina tui lote. Akakoroga. Ule ukijani wa giza wenye michirizi ya mawese ukafifia mbele ya macho yangu, ukawa na rangi ya ukuta wa zahanati. Akapakua kwenye sahani juu ya wali, akaipeleka.

Nilibaki nimeng'ang'ania nguzo ya baraza. Nilimsikia anakula. Kijiko kiligonga sahani, kikanyamaza.

"Mama. Humu mumetia nini?"

"Nazi."

"Nazi? Mu sombe?"

"Sasa utie nini kingine?"

Akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyepoteza safari yake. "Mama, munaharibu chakula! Kwetu mwanamuke akitia nazi mu sombe, bwana yake anamurudisha kwa baba yake."

"Kwetu asipotia ndiyo anarudishwa," akasema Hajati. Yule mtu akaacha sahani, nikasikia kiti kikisukumwa. Akamwomba Hajati, akisikia habari za Wakongomani wowote, hasa mwanamke mmoja mrefu mwenye kovu kidevuni, amwambie, maana ni kondoo wake waliopotea. Hajati akasema atasikiliza. Viatu vikaenda zao mpaka barabarani, navyo vikachanganyika na vya watu wengine.

Nilipoingia chumbani Vumilia hakuwa juu ya godoro. Alikuwa amejibana kwenye pembe nyuma ya ndoo, blanketi amelitia mdomoni, macho hayafumbi. Nikamtoa lile blanketi taratibu. Mpaka hapo nilikuwa najiambia, kama ninavyojiambia kila siku, kwamba pengine ni hofu zangu tu, pengine kweli ni mchungaji. Yaya akagusa lile kovu la kidevuni mwake.

"Njo yeye," akasema. "Njo yeye alishikaka taa ile usiku, bakati balikuwa banachagua banaume."

Nilikaa chini karibu naye, kwenye maji yaliyomwagika. Baada ya muda Hajati akasukuma mlango, akaingia na posho na sufuria nzima, akaiweka mkekani kati yetu. Ndiyo mara ya kwanza wao wawili kuonana. Hawakusalimiana. Hajati alimtazama mabega, akapakua, akamwekea mbele. Nilidhani atakataa. Vumilia akaosha mikono, akafinyanga tonge, akachovya, akatafuna akiwa ameinamisha kichwa. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye sahani. "Haiko muzuri," akasema, na akachovya tena. Alikula sahani ile, akala na ya pili, akakomba sufuria kwa vidole kama mtoto, na kila akimeza ananiambia haiko muzuri, Mapendo, hii haiko muzuri ata kidogo.

Asubuhi yake, jua limekwisha toka, wanawake wawili waliovaa mabuibui walitoka getini. Mmoja alikuwa Hajati. Wa pili alikuwa mrefu, uso umefunikwa, anatembea ameshikwa mkono kama mgonjwa. Walipita mbele ya bomba, majirani wakawasalimu kwa Kiganda, Hajati akawaambia dada yake anakwenda kwa mganga wa macho. Kaka yake Hajati alikuwa na lori la mizigo linalokwenda kaskazini, na yaya alipanda mbele. Mimi sikuruhusiwa hata kusogea karibu na geti. Niliaga kwa kuchambua mchele, nimeinama, na sikuona alipogeuka kama aligeuka. Kutoka huko akaenda kambini, kutoka kambini akaenda kwenye baridi, akazaa, akaota mvi. Tuliongea kwa simu miaka yote hiyo. Uso kwa uso sikumwona tena.

Nilikwenda Naguru siku ile ile, maana nikikaa nyumbani ningepata wazimu. Sikumbuki nilimwuzia nani nini. Nilirudi jioni, nikawasha jiko, nikakata kitunguu, na chakula kilipoiva nikaona nimepika cha watu wawili. Nikakaa natazama ile sufuria. Chumba kilikuwa kimya, godoro limekunjwa, hakuna wa kuniuliza kama niliangalia nyuma. Nikapakua, nikafunika sahani, nikaipeleka kwa Hajati. Duka lilikuwa limefungwa kabla ya saa yake. Nikagonga mlango wa uani. Nikagonga tena.

"Nani?" Ilikuwa sauti nyembamba, sikuitambua.

"Mimi, Hajati. Mapendo."

Komeo likatoka, kisha jingine, kisha kitu kizito kikaburutwa. Alifungua nafasi ya uso tu. Mkononi alikuwa ameshika mchi wa kinu. Aliponiona hakuushusha mara moja. Aliangalia kwanza bega langu la kushoto, kisha la kulia, kama nilivyokuwa nikifanya mimi mwaka mzima. Nikaingia, akayarudisha makomeo yote, akasukuma kabati nyuma ya mlango. Nilisimama na sahani yangu kama mjinga.

"Hajati," nikasema, "kumbe na wewe unaogopa?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama anapumua. "Mwanangu, jana nilijikojolea," akasema. "Pale pale kitini, wakati yule mtu anatia kijiko mdomoni. Mpaka viatuni."

Hatukucheka. Alikaa chini, akaulaza mchi kando ya goti, akafunua sahani. Nilikaa mbele yake. Tulinawa kwenye bakuli moja tukaanza kula, kila mmoja akisikiliza nje. Tukiwa katikati, geti la barabarani likalia. Tuliganda sote wawili, tonge mkononi. Likalia tena, likanyamaza, na hatukusikia viatu wala sauti. Tungojee nini? Hajati akalitia tonge lake mdomoni, akatafuna, macho bado yako mlangoni, kisha akanisogezea sahani karibu, nami nikala.